Kuchapa Tisheti Bila Kuumiza Mama na Mtoto

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapungua)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, usogee karibu na redio. Kama uko kazini, endelea na kazi yako lakini tega sikio, kwa maana leo tunazungumzia kazi yenyewe.

Kuna kazi moja inayowapa akina mama wengi riziki katika miji na masoko yetu. Ni kazi ya kuchapa tisheti kwa skrini. Tisheti za shule, za kwaya, za harambee, za timu ya mpira, na msimu wa uchaguzi ukifika, tisheti za kampeni usiku na mchana. Kwa wasioijua kazi hii, kuna fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chenye matundu madogo sana. Hiyo ndiyo skrini. Hupakwa dawa, huchomwa kwa mwanga ili picha ijitokeze, kisha hulazwa juu ya tisheti. Wino humwagwa juu yake na kusukumwa kwa skwiji, yaani kile kipande cha mpira chenye mpini. Wino hupenya mahali pa picha tu. Baadaye tisheti hukaushwa kwa joto na skrini husafishwa.

Kazi nzuri. Lakini ngoja niwasimulie jambo lililonifundisha.

Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyekuja kwenye kliniki yetu mara tatu kwa muda wa miezi miwili. "Sista, kichwa kinaniuma. Jioni nasikia kizunguzungu. Chakula hakiniingii." Nilimpima damu, hakuwa na malaria. Nilimpima presha, ilikuwa sawa. Nikampa dawa ya maumivu, akaenda. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu vivyo hivyo.

Mara ya nne alikuja mbio, amembeba mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto anakohoa, anahema kwa shida, na nguo zake zinanuka tina, ile ya kuzimulia rangi. Alikuwa ameipata kwenye chupa ya soda chini ya meza, mahali mama anapofanyia kazi. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Alilazwa siku nne. Namshukuru Mungu, alipona.

Siku ile ndipo nilipomwuliza swali nililopaswa kumwuliza siku ya kwanza: "Mama, unafanya kazi gani?" Akaniambia anachapa tisheti katika chumba kimoja nyuma ya soko. Dirisha hufungwa kwa sababu ya vumbi. Skrini husafishwa humo humo kwa tina na petroli. Mtoto hulala kwenye kikapu chini ya meza. Kumbe kichwa cha mama na kifua cha mtoto vilikuwa ugonjwa mmoja. Mimi nilikuwa natibu kichwa, chumba nikakiacha.

(Muziki mfupi)

Wiki iliyofuata nilikwenda pale pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Mwenye duka, naye ni mama, alitupokea kwa mashaka. "Sista, mmekuja kunifungia? Hii kazi ndiyo inalipa karo." Nikamwambia, "Hapana mama. Tumekuja tuone pamoja vile kazi inaweza kwenda bila watu kuumia." Akatuletea stuli, tukakaa, tukatazama kazi kwa saa nzima.

Nilichoona ni hiki. Tisheti safi ziliwekwa mlangoni, meza ya kuchapia ilikuwa mwisho wa chumba, kamba za kukaushia zilipita katikati, na beseni la kuoshea skrini lilikuwa chini ya kamba. Kwa kila tisheti moja, mtu alivuka chumba mara nne, akiinama chini ya tisheti mbichi, akiruka beseni. Tisheti zilichafuka. Zikichafuka, huchukuliwa tina zikafutwe. Kwa hivyo kazi ikipangwa vibaya, tina hutumika zaidi, na watu huvuta hewa mbaya zaidi. Ndiyo maana leo nawaambia kwamba kupanga kazi vizuri ni afya.

Sasa tuangalie walivyobadilisha, moja baada ya jingine. Mengi hayakuhitaji pesa nyingi.

Kwanza, njia ya tisheti. Walipanga chumba ili tisheti iende upande mmoja bila kurudi nyuma. Inaingia mlangoni, inatandikwa mezani, inachapwa, inakwenda kukaushwa, inakunjwa, inawekwa kwenye katoni. Kamba zilihamishwa zikawekwa kando ya ukuta. Kazi zote za majimaji, yaani kuosha skrini na kusafisha skwiji, zilitolewa nje kabisa, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta. Chumba kikabaki kikavu. Hakuna anayeteleza, na moshi wa tina haurudi ndani.

Pili, hewa. Mvuke wa tina na petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi wa jikoni. Unashuka sakafuni na kutulia pale. Mama, fikiria ni nani hukaa sakafuni. Ni mtoto anayetambaa. Wewe uliyesimama unasikia harufu kidogo, yeye aliye chini anavuta zaidi yako. Fungua dirisha na mlango vinavyotazamana ili upepo upite. Kama kuna feni, iweke itoe hewa nje dirishani, na wewe usimame upande ambao hewa safi inatokea, ili mvuke usipitie usoni mwako. Kile kitambaa cha kufunika mdomo kinazuia vumbi. Mvuke wa tina hakizuii, usidanganyike.

Tatu, meza. Meza yao ilikuwa fupi. Akina mama waliinama kutwa nzima, jioni mgongo unawaka. Simama wima, kunja mkono wako, tazama kiwiko kilipo. Meza iwe chini ya kiwiko, karibu na usawa wa kiuno, ili uzito wa mwili ukusaidie kusukuma. Walichongewa vipande vya mbao na fundi wa hapo jirani, wakavipigilia kwenye miguu ya meza. Kwa yule mfupi waliweka ubao imara wa kusimamia. Sakafu ni ya simiti, kwa hivyo waliweka kipande cha mpira mzito mahali pa kusimama, na stuli ya kupumzikia.

Nne, skrini na skwiji. Hapa nilijifunza mimi. Mwenye duka alinionyesha kwamba skrini iliyolegea inataka usukume kwa nguvu, tena mara tatu au nne kwa picha moja. Kitambaa kikiwambwa upya kikakaza kama ngoma, mara moja au mbili zinatosha. Skwiji iliyochakaa nayo ni hivyo hivyo. Ukitandika msasa juu ya ubao ulionyooka na kuusugulia mpira hadi ukingo wake urudi kuwa mkali, mkono haufanyi kazi ya bure. Waliweka pia bawaba upande mmoja wa skrini, na kijiti cha kuitegemeza ikiinuliwa, ili mtu asiinyanyue fremu kwa mikono yote miwili kila mara. Chini ya fremu waliweka vipande vidogo vyenye unene wa sarafu, ili kitambaa cha skrini kisiigande tisheti. Picha zikatoka safi. Na kuhusu skwiji, shika kwa mikono miwili, usukume badala ya kuvuta. Vifundo vya mikono vitakushukuru. Badilishaneni kazi pia. Anayechapa asubuhi, mchana akunje.

Tano, wino. Kuna wino wa maji na kuna wino wa plastiki unaoitwa plastisoli. Plastisoli haikauki kwenye skrini, ndiyo maana wengi wanaipenda, lakini inahitaji joto la karibu nyuzi 160 ili ishike, na kusafishwa kwake kunataka kitu cha kuyeyusha mafuta. Wino wa maji unaoshwa kwa maji na sabuni. Shida yake ni kwamba hukauka haraka na kuziba matundu. Dawa ya shida hiyo ni ndogo. Uwe na chupa ya kunyunyizia maji, unyunyize kidogo sana skrini inapoanza kukauka. Kila ukimaliza kuchapa tisheti moja, vuta wino ufunike picha yote kabla ya kutandika nyingine. Usiache skrini wazi ukienda kula. Duka lile sasa linatumia wino wa maji kwa tisheti nyeupe na za rangi hafifu, na plastisoli kwa tisheti nyeusi peke yake. Tina wanayonunua imepungua sana.

Sita, kusafisha. Kabla ya kumwaga chochote kwenye skrini, kwangua wino wote uliobaki kwa kadi ngumu, uurudishe mkebeni. Huo ni wino wako, ni pesa yako. Kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ukifika hapo, kilichobaki ni kidogo. Plastisoli hulainika kwa mafuta ya kupikia ya kawaida, halafu sabuni na maji. Hata mikononi ni hivyo hivyo. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni. Usinawe mikono kwa tina, inaondoa mafuta ya ngozi na ngozi inapasuka. Petroli isitumike kabisa. Ndani ya petroli mna benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu, na cheche moja tu inatosha kuchoma duka zima. Vitambaa vyenye tina viwekwe kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko, nje ya nyumba.

Saba, ile dawa ya kupaka kwenye skrini. Baadhi ya mafundi huchanganya gundi na unga wa rangi ya machungwa unaoitwa dikromati. Huo ni unga mbaya. Ngozi ikiuzoea vibaya, mtu hupata upele unaowasha kila akiugusa, hata kidogo, na kuvuta vumbi lake kunaweza kuleta saratani. Siku hizi ziko dawa za skrini zisizo na dikromati. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Kama bado unao ule unga, uvae glavu za mpira zisizotoboka, usiuchanganyie jikoni, na chombo chake kisitumike kwa kitu kingine.

Nane, kukausha. Stima ikipotea, wengine huwasha jiko la makaa ndani ya chumba, wakafunga mlango, ili tisheti zikauke. Mama, usifanye hivyo. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Watu hulala na hawaamki. Tisheti za wino wa maji zianike kwanza, kisha zipigwe pasi ya moto juu ya kitambaa safi, kama maelezo ya mkebe yanavyosema. Kama ni pasi ya makaa, ipige nje. Plastisoli nayo ikizidi joto hutoa moshi unaochoma macho na kifua, kwa hivyo usiongeze moto kwa haraka ya mteja.

(Muziki mfupi)

Sasa tuje kwa mtoto. Ninajua kwa nini mama humpeleka mtoto kazini. Hana wa kumwachia. Simlaumu. Lakini chumba chenye tina si mahali pa mtoto. Akina mama wa duka lile walikaa chini wakazungumza na mwenye duka. Wako watano, watatu wana watoto wadogo. Walipata chumba kingine hatua chache kutoka dukani, wakamwomba nyanya mmoja jirani awaangalie watoto, na kila mmoja huchanga kidogo kila juma. Mama anayenyonyesha huenda kunyonyesha saa nne na saa nane. Kabla ya kwenda, huvua aproni na kuiacha dukani, hunawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni, kisha humshika mtoto. Usiache kunyonyesha kwa sababu ya kazi hii. Maziwa yako bado ndiyo chakula bora. La muhimu ni kupunguza unachovuta na unachogusa.

Kwa mama mjamzito nasema hivi. Tina nyingi zina kitu kinachoitwa tolueni. Ukiivuta kwa wingi, hupita hadi kwa mtoto tumboni na inaweza kumdhuru au kuharibu mimba. Mara tu ujuapo una mimba, mwambie mwenye kazi akuhamishe kwenye kukunja na kupakia. Na ukienda kliniki ya wajawazito, usingoje kuulizwa. Sema, "Sista, mimi nafanya kazi ya kuchapa tisheti." Pengine muuguzi atasahau kuuliza, kama mimi nilivyosahau.

Kwa wenye maduka, kumbukeni kwamba sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama na awape wafanyakazi mavazi ya kujikinga. Duka dogo halikuachwa nje. Lakini hata bila sheria, mwenye duka yule aliniambia mwenyewe kwamba tisheti zinazoharibika zimepungua, na wasichana wake hawaombi ruhusa ya kwenda kutibiwa kichwa kila juma.

Kabla sijamaliza, sikilizeni kwa makini mambo ya dharura.

Mtoto akinywa tina, petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtie kidole kooni. Akitapika, kile kitu kinaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo kinapoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, umpeleke hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Beba chupa aliyokunywa ili daktari aione.

Kitu kikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, kisha nenda kituo cha afya. Usisugue.

Mtu akiungua, mwagia maji baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala unga.

Mtu akizimia kwa mvuke, mtoe nje kwenye hewa, mlaze kwa ubavu, itisha msaada. Usimfuate ndani ya chumba kilichofungwa kabla ya kufungua mlango na madirisha.

Na la mwisho, ambalo ningependa kila nyumba ilishike. Tina, petroli na mafuta ya taa visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi. Mtoto hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile ina kitu kitamu. Na mkebe wa wino au jerikeni ya tina ikiisha, usiipeleke nyumbani kuchotea maji wala kuwekea unga. Itoboe, uitupe.

Yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu sasa anakimbia. Nilimwona majuzi kliniki alipoletwa kupimwa uzito. Mama yake bado anachapa tisheti, na kichwa hakimsumbui tena. Kazi hakuiacha. Chumba ndicho kilichobadilika.

Hadi tutakapokutana tena juma lijalo saa kama hii, jitunzeni, mtunze watoto. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga kipindi)

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Panga kazi iende upande mmoja. Kazi za majimaji zifanyiwe nje.
2. Fungua dirisha na mlango. Mvuke wa tina hukaa chini, mahali mtoto anapotambaa.
3. Meza iwe karibu na usawa wa kiuno, skrini iwe imekaza, skwiji iwe na ukingo mkali.
4. Kwangua wino kwanza, safisha baadaye. Petroli isitumike.
5. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.
6. Mjamzito asikae karibu na tina. Anayenyonyesha avue aproni na anawe kabla ya kumshika mtoto.
7. Hakuna tina kwenye chupa ya soda.
8. Mtoto akinywa tina, usimtapishe. Hospitali mara moja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi unayofanya, ni kitu gani kinachoweza kumdhuru mtoto akiletwa hapo?
2. Nyumbani kwako, mafuta ya taa yamewekwa kwenye chombo gani, na yako wapi?
3. Kikundi chetu kinaweza kusaidianaje ili akina mama wafanye kazi na watoto wawe mahali salama?